Dumu la Njano

Nyakoe, Jumapili

Kaka Mose,

Hatujambo. Ndizi zimekomaa na Mama anakusalimu.

Mashindano ya kuvua samaki bwawani yalifanyika. Sheria unaijua: ukizamisha matawi ili samaki wakae hapo, ni ya wote, na lazima uache dumu likielea juu yake watu walione. Baba alizamisha matawi ya mikaratusi, akayafunga kwa waya. Asubuhi ya mashindano alilitoa dumu ili wengine wasipajue.

Ndoano ya jirani yetu Angwenyi ikanasa pale pale. Akaingia majini kuinasua, waya ukamshika miguu. Tulimzika Alhamisi.

Baba aliniambia, "Wewe huwa huongei. Endelea hivyo."

Leo mama yake Angwenyi alikuja. "Emily, wewe si mwongo. Dumu lilikuwapo?"

Nikainamisha kichwa, naye akadhani nimekubali.

"Basi mwanangu hakuliona tu," akasema, kisha akaomba maji ya kunywa.

Siku hizi tunaweka maji kwenye dumu lile. Nilimmiminia, akanywa, akanishukuru.

Ukipiga simu usiulize, Baba huwa karibu.

Dada yako,
Emily