Mita ya Pikipiki ya Mujahid

Mutuini, Nairobi
Jumapili, baada ya Alasiri

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute u mzima, goti limepoa, na Safa anakusaidia kazi za nyumba bila kununa. Mwambie dada yake hajamsahau, na ile kanga aliyoniazima bado ninayo. Sisi huku hatujambo. Baridi ya Nairobi imenishika kidogo, lakini Mujahid ameninunulia soksi za sufu na kunishurutisha nizivae hata kitandani. Anasema nikipata kichomi, yeye atamjibu nini Mama wa Malindi.

Najua Shangazi Zainab amekwisha kukupigia simu. Najua pia Ami Mbarak anakuja Ijumaa kunichukua. Simu yako niliiona ikilia nikaiacha, nisamehe. Kwenye simu ningekujibu ndiyo Mama, ndiyo Mama, kama ninavyomjibu kila mtu siku hizi, na mambo yangekwisha vibaya. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Kwanza nikueleze mume wangu, maana wewe ulimwona siku za harusi tu, amevaa joho na jasho linamtiririka. Mama, mwanao ameolewa na mwanamume mzuri! Akirudi kutoka dukani kwake mjini, mikono yake hunuka oili hata baada ya kutawadha, nami naipenda harufu hiyo kuliko udi. Huniletea maua ya waridi aliyofungiwa kwenye gazeti, halafu huona haya kunipa, akayaacha juu ya jiko kana kwamba ni vitunguu. Mama Hannah, mwenye nyumba wetu, hunitania kila asubuhi tunapokutana kwenye kamba ya nguo. Huniambia mimi ni mke wa pili, mke mkubwa amelala pale kibandani chini ya turubai. Humwambia Mujahid akiongeza wa tatu kodi itapanda. Mwenyewe Mama Hannah hucheka mpaka analia.

Huyo mke mkubwa, yaani pikipiki yake, ndiye aliyetufikisha hapa.

Siku ya posa ulikataa dhahabu. Uliwaambia wazee kwamba sharti lako ni moja, mume wa Fathiya asipande pikipiki, kwa sababu kaka Sadiq uliletewa kutoka kwenye ajali ya pikipiki amefunikwa shuka na huwezi kuletewa shuka ya pili. Mujahid alikubali mbele ya shehe bila kufikiri mara mbili. Ami Mbarak akauliza kwa nini basi asiiuze kabisa ile pikipiki yake ndefu ya kuruka mashimo, isiyo na taa wala namba. Mujahid akaeleza kwamba duka lake ni la spea za pikipiki za namna hiyo, na spea mpya huzijaribu kwenye yake kabla hajamuuzia mtu. Ndipo yeye mwenyewe akataja ile mita. Kwenye fremu kuna kidude kama kiberiti, waya wake umezungushwa kwenye waya wa plagi. Injini ikiwaka kinahesabu, ikizimwa kinanyamaza. Alisema injini itawaka dakika chache kwa juma ikiwa imesimama, isigande, na anayetaka kumchunguza aje asome mita. Shangazi akaipiga picha siku ya pili ya harusi. Ilikuwa saa mia mbili na kumi na mbili.

Mume wangu aliniambia faida ya mita hiyo katika wiki yetu ya kwanza, na sijui kama kuna bi harusi mwingine aliyebembelezwa hivyo. Alisema pikipiki ya mashimoni haitunzwi kwa kilomita, kwani inaweza kulia nusu siku kwenye kilima kimoja na isifike popote, huku injini inachoka. Kwa hiyo huhesabiwa saa. Saa kadhaa, oili mpya. Sponji la kuchuja hewa huoshwa kila vumbi likiingia. Saa zikizidi hupimwa vali, zikizidi tena hubadilishwa pistoni. Wateja wake kutoka Lavington humwambia wamepanda mara moja tu, naye huinama akasoma mita na kuwauliza hiyo mara moja ilianza mwaka gani. Tulikaa juu ya ndoo zilizofudikizwa, mimi nimeshika tochi, yeye anaosha sponji kwa mapovu kama mtu anayemwogesha mtoto. Nilimtazama nikajua huyu nitampenda mpaka kufa.

Nilijua, Mama. Hilo ndilo neno. Nilijua kwamba nina furaha, kama mtu ajuavyo kwamba kuna mvua kwa kuisikia juu ya bati. Tangu mazishi ya Sadiq mimi nina ganzi. Hukuniona nikilia, ukawaambia watu mwanangu ana subira. Haikuwa subira. Siku ya harusi nilipakwa hina, nikaimbiwa, nikatabasamu pale palipotakiwa tabasamu, na hina ile ingeweza kupakwa kwenye mikono ya jirani. Mujahid akinishika mkono najua mkono wake una joto. Kila kitu ninakijua.

Sasa nikwambie ya jana. Shangazi alikuja na sinia la visheti, akasifu mapazia, akala vizuri. Kisha akasema anataka kunyoosha miguu, akaenda moja kwa moja kibandani na simu yake mkononi. Tulimsikia akiita jina la mume wangu, jina lote mpaka la babu. Mita ilisoma mia mbili na arobaini na tatu. Akamwonyesha ile picha, akamuuliza kama hizo ndizo dakika chache kwa juma. Akamwambia amekudanganya wewe, mjane. Akamuuliza kama huko kwao shehe huwa ni pambo la harusi. Mama Hannah alikuwa anaanua nguo, akasimama na shuka mikononi.

Mujahid alinitazama mara moja tu. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Kisha akainamisha kichwa, akasema, amekosa, Shangazi amsamehe. Shangazi akaniambia nifungashe nguo zangu, nami nikamjibu ndiyo Shangazi, nikammiminia chai.

Mama, Mujahid hajaipanda pikipiki ile tangu akuahidi. Ninayeipanda ni mimi.

Sadiq alinifundisha, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya kiwanda cha barafu, wewe ulipokuwa ukienda kwenye maulidi. Alikuwa akikimbia kando yangu amelishika buibui langu lisiingie kwenye mnyororo, akinitukana kwa sauti kubwa kila nilipozima injini. Hapa nyuma ya mashamba ya majani ya ng'ombe kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mume wangu akishakwenda mjini, na Mama Hannah akiwa kwenye kikundi chake cha akina mama, mimi huvaa suruali na buti za mume wangu, nikaisukuma pikipiki hadi njia ya chini, nikapiga kiki. Mara ya kwanza nilitaka tu kusikia mlio. Mara ya pili nilipanda kilima cha machimbo, nikafika juu, na uso wangu ulikuwa umelowa. Nilidhani ni umande. Mama, nilikuwa ninalia. Nilimlilia Sadiq pale juu mpaka injini ikazima yenyewe. Nikishuka mikono yangu hufa ganzi kwa mtikisiko, kisha huanza kuwasha, kidole kimoja kimoja, ikarudi kuwa mikono. Ganzi hiyo peke yake ndiyo huondoka. Nikifika nyumbani ile nyingine inanisubiri, lakini kwa saa ile moja najua nilikuwapo.

Unafikiri Mujahid hakujua? Yeye husoma mita kila Jumapili, mtu anayeweza kukuambia pikipiki ya mteja ilipita matopeni au vumbini. Alijua tangu saa ya kwanza. Hakuniuliza. Siku moja nilikuta sponji limeoshwa na kupakwa mafuta. Siku nyingine klachi imelegezwa, nyepesi, ya mkono mdogo. Na juma lililofuata juu ya usukani kulikuwa na glavu mpya, kiasi changu, zimefungwa kwenye gazeti kama yale maua.

Jana Shangazi alipoondoka nilimfuata Mujahid kibandani. Alikuwa ameweka karai chini ya injini, anamwaga oili. Nikamwambia alipaswa kunitaja. Akasema saa zilikuwa zimefika, oili ilitakiwa kubadilishwa, na oili haiulizi ni nani aliyepanda. Hakukasirika. Alinipa tochi nimshikie, nikamshikia.

Basi Mama, sharti lako halikuvunjwa na mwanamume uliyemwekea. Usimtume Ami Mbarak kumvunjia mtu heshima kwa kosa langu. Ukitaka sharti, niwekee mimi, kwa jina langu. Lakini njoo uniwekee wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Nikitulia hapa mezani siwezi kukuahidi nitakubali, na sitaki kukujibu ndiyo Mama kwa ganzi. Njoo Ijumaa badala ya Ami. Tutakaa juu ya ndoo kule kibandani, nitakusomea mita, kisha nitakusimulia jinsi Sadiq alivyokuwa akikimbia na buibui langu mkononi. Hatujawahi kumzungumzia, mimi na wewe, tangu ile shuka.

Mume wangu anakusalimu. Hajui nilichoandika, ila ameniona nimeinama muda mrefu, akaniletea soksi zangu na kunivalisha mwenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine. Msalimie Safa, na majirani wote wa mtaani, na ukipita makaburini nifikishie salamu zangu kwa ndugu yangu.

Mwanao akupendaye,
Fathiya