Mtetemo wa Puani

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi wazima, ila miguu ya mama inamsumbua. Kaseti ya nyimbo zako imefika. Mama ameisikiliza akalia. Miaka yote hii naongoza sauti kwenye kwaya, hajawahi kunidondoshea hata chozi moja. Nisikufiche, roho imeniuma. Ulipoondoka hapa ulikuwa unakwaruza kama mlango mbovu. Umefanyaje?

Dada yako

15 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mpe mama pole. Mwalimu wangu wa uimbaji alisema sauti yangu imekaa kooni, akanipa zoezi hili. Funga midomo, meno yaachane, uvume “mmm” taratibu mpaka usikie pua na mashavu yanatetema. Kisha fungua mdomo, “maa”, mtetemo usiondoke. Lakini usiimbie puani! Jipime: ukiwa kwenye “aaa”, bana pua. Sauti ikibadilika, ujue inavujia huko.

Mwalimu wa kwaya yenu ameniandikia. Anataka niimbe ule ubeti wa mwimbaji mmoja kwenye onyesho lenu la Juni. Nije?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salama? Sisi tupo. Nimevuma wiki nzima, mpaka shemeji yako kaniuliza kama jino linaniuma. Nikibana pua, sauti inakatika kabisa. Mazoezini nilipoitoa hiyo “maa”, wenzangu walicheka, na mwalimu akasema, “Nenda kapumzike, una mafua.” Kuna kitu umenificha. Na ule ubeti ni wangu tangu wewe uko shule ya msingi.

Usije.

Dada

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijaficha kitu. Nimemwambia mwalimu wenu nina kazi, siji.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Unakula vizuri lakini? Onyesho limepita. Nimeimba mimi. Makofi yalikuwepo, ya adabu. Mama akasema, “Umeimba vizuri,” kama mtu anayesifia chai. Kisha akauliza mbona hukuja. Nikamjibu, “Nilimkataza mimi.” Tangu hapo ananiitikia salamu tu.

Hukunificha kitu, najua. Nilitaka tu uwe umenificha.

Njoo likizo hii. Kaa na mama sebuleni umwimbie mpaka achoke. Mimi nitakuwa jikoni, mlango nitauacha wazi. Wivu bado ninao, tena mwingi. Huo niachie mwenyewe. Wewe njoo.

Dada yako

3 Julai

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nimeshakata tiketi. Usikae jikoni.

Mdogo wako