Udongo wa Uani Kwetu Malindi

Bibi yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: ulijua.

Nyumbani wote wanaamini ulikufa hujui kama nyumba ya Malindi aliyoiacha Babu imeuzwa. Ndiyo faraja yao. Shangazi aliwaambia wanawake waliokuja msibani, "Alhamdulillah, kaondoka moyo wake umetulia, hajui kitu." Nilikuwa nimebeba sinia la halua. Nikapita.

Siku ya kukuhamisha, Ami Nassor, mwanao mkubwa, alikwambia unakuja kwetu Kikwajuni kwa muda mdogo tu, dari litengenezwe. Ulikataa kuinuka kitini. Akakwambia, "Mama, ardhi ya Mungu pana. Mtume mwenyewe alihama." Nawe ukamjibu, "Alihama, lakini aliitazama Makka akaiambia hakuna ardhi aipendayo kama ile, na lau watu wake wasingemtoa, asingetoka. Ndo nyiye watu wake hao?" Ami alicheka. Baba hakucheka. Alikuchukulia mkoba, akatangulia nje. Wote wawili walikuwa wameshatia saini.

Ulilala chumbani kwangu. Kila baada ya sala ya Alfajiri uliniuliza, "Dari limekwisha?" nami nikajitia natafuta kitabu mkobani.

Ulipoanza homa ukaniomba nikuletee udongo wa uani, pale penye asumini. Nilipokuwa mdogo, nikiumia, ulilowesha kidole kwa mate, ukakigusisha kwenye udongo ule, ukanipaka huku ukisoma: udongo wa ardhi yetu, kwa mate ya mmoja wetu, apone mgonjwa wetu kwa idhini ya Mola wetu. Nilidhani ni mambo ya wazee tu, mpaka nilipoikuta dua hiyo kwenye kitabu cha hadithi, maktaba ya skuli. Nilikuja mbio kukwambia kuwa ni hadithi sahihi. Ulinicheka. "Kumbe ulingoja kitabu kikupe ruhusa!"

Basi nilikwenda kwa miguu, nilipotoka skuli. Mlangoni alikaa mlinzi kijana. "Wee mwanafunzi, wataka nini?" Nikamwambia nataka udongo wa uani. Alicheka mpaka akakohoa. "Uani pashachimbwa bwawa la kuogelea wageni. Labda nikuchotee maji!" Nikasema ile ni nyumba ya bibi yangu. "Ya bibi yako? Basi mwambie aje achukue chumba, tutampunguzia bei."

Kando ya ukuta palikuwa na rundo la kifusi likisubiri gari. Nilichota konzi moja, nikaifunga kwenye leso yangu.

Macho yako yalishakuwa hayaoni vizuri, nami nilitumai hutajua tofauti. Ulikichukua kile kifusi, ukakisugua baina ya vidole.

"Chokaa hii," ukasema. Kisha, "Wameshavunja."

Ulijifuta mkono kwenye shuka, kidole kimoja kimoja, ukageukia ukutani. Nilitaka kukukumbatia, Bibi. Wallahi nilitaka. Nilisimama tu na leso yangu.

Tangu siku ile hukuuliza tena habari za dari. Na wao wakafurahi! Baba alisema, "Ameshazoea." Ami akasema, "Sikukwambieni? Mzee hubebwa tu kama mtoto, akilia leo, kesho kasahau." Walikuwa wanakula chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi. Sijui kama ulisikia. Nadhani ulisikia.

Hukufika hata Ijumaa ya pili.

Sasa umelala makaburini Mwanakwerekwe. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, kwa hiyo sijakuona ulipo. Kitanda chako nimekirudia mimi, na upande wa ukutani bado silali.

Leo Alasiri ni khitma yako ya arubaini. Ami Nassor atakuja, na watasema tena maneno yale yale. Unanijua, mimi darasani nikiitwa jina tu hutoka jasho. Lakini nakuahidi leo nitasema. Na nitakuombea katika kila sala yangu. Ami bado siwezi kumwombea, na sitaki kukudanganya wewe.

Lala, Bibi. Mola akupe nyumba ambayo hakuna mtu awezaye kuiuza.

*

Naendelea baada ya Magharibi.

Nimesema. Watu walikuwa wameshaondoka, tumebaki wa nyumbani tu tunakula, na Shangazi akaanza, "Alhamdulillah, mama hakujua..." Nikasema, "Alijua." Sauti ilitoka ndogo. Ami akaniuliza, "Unasemaje, sheikha wetu wa vitabu?" Nikawaeleza yote, kifusi, chokaa, na ulivyogeukia ukutani. Baba aliliacha tonge, akafunika uso kwa mkono ule ule aliokuwa akilia wali, mchuzi ukamchirizika kwenye kanzu.

Ami alimaliza kutafuna kwanza.

"Alijua akanyamaza," akasema. "Basi aliridhia. Mwanamwali akiposwa, kimya chake ndiyo idhini yake. Wewe msomaji, hiyo hukuisoma?" Akanisogezea kikombe. "Haya, niongeze kahawa."

Nilichukua dele la kahawa, nikaingia jikoni. Nikaimwaga yote kwenye sinki, nikalisuuza dele, nikalifudikiza. Kisha nikarudi nikamwambia imekwisha.