Sahihi Yangu Juu ya Karatasi Tupu

Aranbari,
Wilaya ya Jajarkot,
Nepal.
3 Aprili 2022

Mpendwa kaka yangu Narjit,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Malaysia? Kile kikohozi cha kiwanda cha glavu kimekuachia? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mwanao Sujal ameingia darasa la nne na anabishia kila kitu, sijui amemrithi nani.

Barua hii anakuletea Tekbir wa baba mdogo. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya Mama huwekwa sauti ya juu na kitongoji kizima husikiliza, na haya nataka uyasikie wewe kwanza.

Jumamosi ulimwambia Mama tumpigie kura tena Komredi Jwala aendelee kuwa mwenyekiti wa kata, kwa kuwa ni mwenzako wa msituni. Kaka, nilitoka nje nikatema mate. Najua alichotufanyia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, naye, Shahi mzima, mtoto wa ukoo wa juu, aliketi mlangoni petu sisi wahunzi, akainamisha mtungi wetu akanywa, na jamaa zake wanaotuona najisi wakimtazama. Mama alilia. Kesho yake ukamfuata vitani. Simkatalii siku ile. Ila ile ilikuwa siku moja, na huyu tunaishi naye kila siku.

Vita vilipokwisha tukapewa katiba mpya, na sheria kwamba kila kata iwe na mjumbe mwanamke wa tabaka letu. Jwala akaja mwenyewe kuniomba nigombee pamoja naye. Tuliposhinda nilipakwa poda nyekundu mpaka puani, mashada ya maua yakanifika masikioni, nikacheka kama mjinga. Siku ya kwanza ofisini ikaletwa chai. Wenzangu wanne walipewa vikombe vya chuma, mimi cha karatasi. Nikamwuliza mhudumu kulikoni. "Vikombe vimepungua, dada," akasema, huku anatazama ukuta. Huu mwaka wa tano, na vikombe bado vimepungua. Komredi aliyekunywa mtungini kwetu anaviona na kunyamaza.

Hayo ningeyameza. Lililonichefua ni kitabu cha mikutano.

Unajua desturi yetu. Watu wakishaketi tu, kitabu kinazungushwa, kila mmoja anatia sahihi ya mahudhurio juu ya ukurasa, na maamuzi yanaandikwa chini yake baadaye, karani akipata nafasi. Kamati ya msitu hufanya hivyo, ya shule hivyo hivyo, hata kikundi cha akina mama. Nami nilitia sahihi yangu kama nilivyozoea. Mwezi wa Januari tuliitwa kujadili blanketi za wazee. Tukasaini, tukanywa chai, tukazungumza blanketi, tukaenda zetu.

Wiki mbili baadaye lilikuja katapila la shemeji yake Jwala kuchimba barabara, likaelekea moja kwa moja kwenye chemchemi yetu. Nilikimbia nikasimama mbele yake. Nilimwambia dereva kwamba kata haijaamua jambo hilo, na mimi mjumbe ndimi ninayesema. Jwala akaja taratibu, kitabu kwapani. Akakifungua mbele ya watu wote. Uamuzi wa nne: wajumbe wote wameridhia barabara ipite penye chemchemi.

"Mheshimiwa," akaniambia, "hii sahihi ya nani? Au mkono ulisaini, kichwa kikabaki nyumbani?"

Watu wake wakacheka. Watu wetu hawakucheka. Mzee Ratne alinitazama kama mtu aliyekuta mdudu kwenye ugali, akaondoka. Kufikia alasiri chemchemi iliyowanywesha babu zetu ilikuwa tope. Na barabara yenyewe, kaka, inaishia mlangoni kwa Jwala. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa sikia aliyonikataza Mama nisikwambie. Anachota maji kwenye bomba la akina Shahi, mwendo wa dakika arobaini na tano kupanda, na magoti yale. Haruhusiwi kugusa bomba. Anaweka mtungi chini, anakaa kando, anasubiri mtu wa nyumba ile atoke amjazie. Siku nyingine anasubiri mpaka mchana. Mke wa Jwala akishamjazia, hulimwagia bomba maji kulitakasa, Mama angali hapo hapo anajitwika. Nimeona kwa macho yangu. Nilisikia kinyaa mpaka nikashindwa kula siku ile, na sehemu ya kinyaa hicho nauonea mkono wangu mwenyewe.

Mkutano uliofuata, kitabu kiliponifikia nilikishikilia magotini. Nikasema, "Andikeni kwanza, nisome, ndipo nisaini."

Jwala akajifanya kucheka. "Dada Belsari, hutuamini? Nani alikuweka kwenye kiti hicho?"

"Sheria," nikamjibu. "Wewe uliniletea fomu tu."

Nandakali, yule mjumbe mwanamke mwingine, akarudisha kalamu mezani. Siku ile mjumbe mmoja hakuwepo, na bila sahihi zetu mbili akidi haikutimia, watu wakatawanyika. Tangu hapo chama kinaniita msaliti. Na waniite.

Tarehe 24 nitachukua fomu ya uenyekiti, bila chama chochote. Mara iliyopita Jwala alishinda kwa tofauti ya kura arobaini, na wahunzi peke yetu tuna kura sitini na moja. Mzee Ratne amekubali, baada ya kunitukana vizuri. Lakini nusu ya kitongoji inamwangalia Mama, naye kashikilia neno moja: "Narjit amesema Jwala, basi ni Jwala." Kila alfajiri anapanda kwenda kumsubiri mke wa Jwala huyo huyo, na bado anasema Jwala, kwa heshima yako.

Sikuamrishi, kaka. Wewe ni mkubwa, na ulimwaga damu. Nitagombea hata nikipata kura yangu tu. Ila sijui nitakutazamaje usoni ukirudi, kama nitashindwa kwa kura ya mama yangu uliyoiamuru wewe.

Tekbir anakuletea pilipili na majani makavu ya supu. Usiwape Wabangladeshi wote wa bwenini. Wasalimie Dilsara na mumewe, na yule mzee wa Surkhet uliyesema anakunyoa. Miungu ya nyumba yetu ikulinde na mashine, ikurudishe na vidole vyote kumi.

Wifi Deusara, mkeo, anakusalimu sana. Ameisoma barua hii yote kabla sijaifunga, akasema nikuandikie hivi: kura yake ananipa mimi, na wewe ukitaka kununa, nuna huko huko.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Belsari