Alama Juu ya Unga

Mama Stacy na shemeji Tony,

Maharagwe yamelowa tangu jana, mwageni maji hayo kabla ya kuyachemsha. Fundi wa AC anakuja saa tano, mfungulieni.

Sasa, ule unga wa mahindi uliosagwa kisiagini aliotutumia mama kutoka Kitale. Juzi niliuchorea msalaba juu kwa kidole. Leo asubuhi nimefungua ndoo, msalaba hakuna na unga umeshuka. Kumuuliza Tony, eti, "Shemeji, labda ni panya." Panya wa ghorofa ya sita, anayejua kurudisha kifuniko?

Wiki nzima nikitoka kazini mnanipakulia wali wa hoteli, mnasema hata nyinyi mmekula huohuo. Mama Stacy, tangu lini wali ukaacha ukoko wa ugali kwenye sufuria?

Unga hauniumi. Kinachoniuma ni kula kwa kujificha, kama watu wanaomkwepa mwenye nyumba.

~~Ndoo nimeibeba garini.~~ Nimeirudisha jikoni. Narudi saa kumi. Songeni ugali, tule pamoja. Nikikuta sufuria imeshaoshwa, nitajua mimi ni mgeni humu ndani.

Baba Stacy