Ngano ya Jeshi

Masakta, Jumanne

Sielewi tena. Nilianza kujifunza Kilatini ili nisome vita vya Warumi wa kale, nikakariri upanga, ngao, mkuki. Lakini neno linalorudi kila ukurasa ni frumentum, yaani ngano. Vita gani hivi vya kutafuta chakula tu?

Leo nimeelewa sentensi nzima bila kufungua kamusi ya kwenye simu: askari waliingia mashambani wakavuna ngano. Kwa furaha nikamsomea mama, aliyekuwa anachambua maharage.

“Ngano ya nani?” akauliza.

Nikamwambia kitabu kinahusu jeshi, mama.

“Mwanangu, nimekuuliza ngano ya nani.”

Nimerudi nyuma, nimesoma mbele, mpaka macho yanauma. Majina ya majemadari yapo yote. Mwenye shamba simwoni.