Nilivyotoka Kwenye Kampeni ya Consolata

Jumatatu, 3 Novemba
Kanzu saba za bosi, pasi tayari. Madam bado amelala. Nimetuma bango la Consolata kwenye kundi letu la WhatsApp, Wakenya wa Riyadh na Jeddah. Mimi ndiye admin. Mimi na Consolata tulikaa dawati moja shuleni, sasa anagombea udiwani kwenye uchaguzi mdogo. Namwamini.

Jumatano, 5 Novemba
Video imefika. Mchungaji anayemuunga mkono Consolata yuko jukwaani, anasema mashoga wafukuzwe kwenye nyumba za kupanga. Consolata amekaa nyuma yake. Anapiga makofi.
Mdogo wangu Kevin ni shoga. Consolata anajua. Amekula naye kwetu.
Nimevunja finjani.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeandika kundini: mchungaji aombe radhi, la sivyo sipigi kampeni tena. Nikasema mdogo wangu ni shoga. Matusi mpaka adhuhuri. Onyango, dereva wa mtaa wa Bani Malik kule Jeddah: "Futa, ama nimtumie madam wako. Namba yake ninayo."
Hapa Riyadh maneno hayo yanaweza kunirudisha nyumbani, au pabaya zaidi. Naogopa. Sikufuta.

Ijumaa, 7 Novemba
Consolata amepiga.
"Dada, kanisa lake ni kura nyingi. Sema tu simu yako iliibwa."
"Simu ni yangu. Na maneno ni yangu."
"Unaniangusha."
"Na wewe Kevin umemfanyaje?"
Nikakata. Nikatoka kundini.

Jumapili, 9 Novemba
Mwenye nyumba amempa Kevin notisi ya kuhama. Eti amemsikia mchungaji. Nimelia jikoni. Hasira, si huzuni.
Onyango naye ametimiza. Madam ameniita sebuleni, ujumbe wangu kwenye simu yake, umetafsiriwa kwa Kiarabu. Akauliza kama huyo ni ndugu yangu. Ningeweza kukana. Nikasema, "Ndiyo, madam. Ndugu yangu."
Akaufuta. "Halas, basi. Bosi asijue. Lete chai."
Labda ni huruma. Labda hataki tu usumbufu wa kutafuta mfanyakazi mwingine. Sikuomba msamaha.

Jumamosi, 29 Novemba
Consolata ameshinda. Nilisoma nikisugua bafu.
Kevin amehamia kwa Mama. Miaka miwili Mama hakutaka hata kumtaja, sasa amemtandikia kitanda changu. Jana watu wa Consolata walipita nyumba kwa nyumba kushukuru. Walipobisha, Kevin aliinuka mezani aende kujificha chumbani. Mama akamwambia, "Kaa umalize chakula." Ndipo Mama akawafungulia mlango.